KUJIFUNZA LISHE KWENYE INIVERSITE: NI KUPIKA AO NI SHIMI?



Sisi wa darasa la sita tuko sasa karibu na Egzeta, na swali moja linatembea katika interna usiku na muchana: kisha Diploma, tutaenda wapi? Wengi wanajibu unganga, wengine sheria, wengine uinjinia, na wengine wanajibu tu "Mungu anajua", maana yake baba hajasema neno juu ya pesa. Katika mazungumuzo hayo, musichana mumoja wa darasa letu alisema kwamba yeye anataka kusoma lishe. Wavulana walicheka sana. Mumoja akamuuliza: "Dada, mama yako alikosa wakati wa kukufundisha bugali nyumbani, mpaka iniversite ikufundishe?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini hakuna hata mumoja aliyeeleza masomo hayo ni masomo gani. Kwa hiyo sisi makapita tuliomba nafasi katika gazeti letu kwa kuyaeleza. Hatuandiki kwa kumutetea dada yetu. Yeye anajitetea mwenyewe kwa pointi za shimi, ambazo wengi wa wenye kucheka hawana.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Upishi ni kazi ya kutengeneza chakula mpaka kifike kwenye sahani. Lishe ni elimu ya kuchunguza chakula kinafanya nini kikiisha kuingia katika mwili: kinavunjwa namna gani tumboni, kinapita namna gani ukuta wa matumbo, damu inakipeleka wapi, ini linakigeuza kuwa nini, na mwili unapata ugonjwa gani kikikosa ao kikizidi. Mwanafunzi wa lishe anaweza kuwa mupishi mubaya kabisa na kupata distinksio. (Hatusemi kwamba ni jambo la kujivunia.)

Lakini kueleza hivi tu haitoshi, kwa sababu mutu anaweza kusema: "Hayo yote ni rahisi, mutu akule vizuri, basi." Kama ingekuwa rahisi, sahani moja ingefanya kazi moja katika miili yote. Haifanyi hivyo. Tutatoa mifano, na ule wa kwanza uko karibu nasi, katikati ya ziwa Kivu.

Wote munajua kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960, wanganga wa Ubelgiji, kati yao Delange na Ermans, walichunguza kule ugonjwa wa goita, ule uvimbe wa shingo ambao wazee wetu wanaukumbuka. Goita inatokana na ukosefu wa iodi. Ndani ya shingo kuna tezi inayoitwa tiroide, ambayo inatumia iodi kwa kutengeneza homoni. Iodi ikikosa, tezi inajikaza kutumika, inakua, inavimba. Na ubaya mukubwa hauko kwenye shingo. Mama mwenye mimba akikosa iodi sana, mutoto anaweza kuzaliwa na akili iliyopungua, ao bila kusikia na kusema, na hakuna dawa ya kumurudisha nyuma. Iodi yenyewe ni kitu kidogo sana: mutu muzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Pigeni hesabu ya miaka 70, mutaona kwamba maisha yote ya mutu hayamalizi kijiko kimoja cha chai. Kwa kijiko hicho mutoto anakuwa mwanafunzi ao hawi.

Sasa ajabu ni hii. Wachunguzi walikuta kwamba upande wa kaskazini wa kisiwa watu wengi sana walikuwa na goita, na upande wa kusini-magharibi wachache tu. Wakapima iodi katika pande zote mbili. Ilikuwa kidogo, na ilikuwa kidogo sawasawa! Kisiwa kimoja, ziwa moja, ukosefu mumoja, lakini shingo hazifanani. Mutu asiyesoma lishe angefika hapo akasema ni ukoo, ao ni uchawi, ao ni maji. Wao walitafuta katika chungu, na mwaka 1971 waliandika kwamba kulikuwa kitu katika chakula kinachozuia iodi. Kitu hicho kilipatikana katika muhogo.

Hapa ndipo shimi inaingia. Muhogo uko na kitu kinachoitwa linamarini. Muhogo ukikatwa ao ukisagwa, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mwili wetu hauna ujinga: unachukua ile sianidi na kuiunganisha na sulfuri, inakuwa tiosianati, ambayo haiui kama sianidi na inatoka kwa mukojo. Vizuri. Lakini tiosianati, mbele ya kutoka, inasimama kwenye mulango wa tiroide na kuzuia iodi isiingie. Kama iodi ni nyingi, hakuna shida, inapita. Kama iodi ni kidogo, kama kule Idjwi, kizuizi hicho kinatosha kuvimbisha shingo. Basi hakuna sababu moja. Kuna mbili zinazosaidiana, na kila moja peke yake ingeonekana kama si kitu.

Wenzetu wa darasa la nne ambao munauliza kila siku "shimi ya organike itanisaidia nini?", someni tena mistari hiyo pole pole.

Kutoka Idjwi twende mbali kidogo, upande wa mangaribi wa inchi yetu, Kahemba katika Kwango, kwa sababu muhogo ule ule unafanya kule jambo lingine. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Mutoto ao mama analala mwenye afya, na kwa ghafula miguu inakaza, hawezi tena kutembea sawasawa, na hali hiyo haiondoki maisha yake yote. Neno konzo ni la luga ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Watu wanaopatwa ni wale wanaokula muhogo muchungu ambao haukuloweshwa siku za kutosha, na ambao hawana nyama, samaki wala maharagi pembeni. Kwa nini pembeni? Kwa sababu ile sulfuri ya kuondoa sianidi inatoka katika proteini. Mwenye kukula muhogo na samaki yuko na silaha; mwenye kukula muhogo peke yake hana. Na wakati gani watu wanafupisha siku za kulowesha? Wakati wa njaa, wakati wa vita, ao wakati muchuuzi anangojea barabarani na pesa mukononi. Hata hapa Kivu ya Kusini konzo imeonekana. Habari yake ilitangazwa mwaka 2011.

Dawa ya kurudisha miguu haipo. Kinga ipo, na haina mashini. Profesa Bradbury wa Australia alionyesha namna hii: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mukeka, unaachwa saa mbili kwenye jua ao saa tano kwenye kivuli. Sianidi inatoka kama hewa, inakwenda zake, kisha mama anasonga bugali siku ile ile. Banea, Mukongomani aliyeongoza PRONANUT, ambayo ni programu ya taifa ya lishe, pamoja na wenzake walifundisha wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge namna hiyo tangu mwaka 2010, na wakati wa kazi yao mugonjwa mupya wa konzo hakuonekana tena pale.

Tazameni vizuri kazi iliyofanyika. Kulikuwa shimi, ndiyo, kwa kupima sianidi katika unga na tiosianati katika mukojo. Lakini kulikuwa pia kukaa na wamama, kuuliza wanalowesha siku ngapi na kwa nini wanapunguza, na kuwaacha waonje bugali ya unga ule ili wasiikatae. Profesa ambaye hawezi kukaa juu ya kiti kidogo karibu na moto wa mama hatafika mahali. Na mama peke yake, bila mutu wa kupima, angejua namna gani kwamba saa tano zinatosha na saa moja haitoshi?

Tufike sasa kwenye ugonjwa ambao kila mumoja wetu ameuona kwa macho: bwaki. Mutoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, ngozi inapasuka, hacheki tena. Vitabu vinaiita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka Gold Coast, inchi ambayo leo ni Ghana, katika luga ya Kiga: ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Munganga mwanamuke, Cicely Williams, aliueleza mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina lenyewe alilolisikia kwa wamama. Hapa kwetu, Lwiro, ambapo kiliwekwa chuo cha uchunguzi IRSAC, kilichoanzishwa mwaka 1947 na leo kinaitwa CRSN, wagonjwa wa bwaki walichunguzwa na kutunzwa miaka mingi. Na mjini Bukavu watu walianzisha tangu miaka ya 1960 shirika lililoitwa Comité Anti-Bwaki. Maana yake ugonjwa huu si habari ya vitabu vya wageni.

Kwa muda murefu watu walisema bwaki ni ukosefu wa proteini tu. Leo wataalamu wanaona kwamba haitoshi, na bado wanabishana. Mwaka 2013 wachunguzi walitangaza kazi waliyofanya na mapacha wa Malawi. Mapacha wanazaliwa pamoja, wanakula chungu kimoja, wanalala nyumba moja. Lakini wengine, pacha mumoja alipata kwashiorkor na mwenzake hapana. Wakachunguza vijidudu vinavyoishi matumboni, wakaona kwamba navyo viko na sehemu katika jambo hili. Tena sahani moja, miili miwili, matokeo mawili. Yeye anayesema lishe imekwisha kujulikana yote asome habari hiyo.

Na hapa tunaomba muangalie sana, kwa sababu ni jambo la uhai na kifo. Mutoto wa bwaki akifika nyumbani kwa shangazi mwenye huruma, shangazi anafanya nini? Anachinja kuku. Anampa nyama, mayai, bugali kubwa, ili apate nguvu upesi. Huruma hiyo inaweza kumuua. Mwili wa mutoto ule umezima karibu mashini zake zote: ini ni dhaifu, figo ni dhaifu, moyo ni dhaifu, chumvi za damu zimepotea nafasi zake. Ukimutupia chakula kingi kwa mara moja, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo katika hospitali wanamuanzisha na maziwa yanayoitwa F-75, yenye kalori 75 katika mililita 100, proteini kidogo, kidogo kidogo kila saa mbili ao tatu, hata usiku. Wanamufunika asipate baridi. Wanamupa dawa ya mikrobi. Dawa ya chuma hawampi mwanzoni, hata kama damu ni kidogo. Mpaka njaa yake irudi na uvimbe uanze kupungua, ndipo wanapanda kwenye F-100 yenye kalori 100, ao kwenye ile siagi ya karanga ya paketi, Plumpy'Nut, iliyotengenezwa mwaka 1996 na Mufaransa André Briend pamoja na kiwanda Nutriset. Paketi moja ni gramu 92 na kalori 500, na haihitaji maji wala moto.

Nani anapashwa kusimamia hayo yote, saa nane ya usiku, katika hospitali ya ndani? Munganga ni mumoja kwa wagonjwa wengi. Muuguzi anakimbia kati ya malaria na wazazi. Hapo ndipo mutu wa lishe anakuwa na kazi yake. Tena bwaki ni ile inayoonekana tu. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika Kongo watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, na katika Kivu zote mbili hesabu ilipita nusu. Mutoto mufupi namna hiyo havimbi, halii, anacheza mpira na wengine, na hakuna anayempeleka kwa munganga. Lakini siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, zikipita vibaya, ni vigumu sana kuzirudisha.

Basi, masomo yenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu imeingia katika sistemu LMD. Zamani mutu alifanya miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka mitatu, yaani semestri sita na kredi 180, na nyuma yake Masta miaka miwili. Lishe inasomwa kwenye Institut Supérieur des Techniques Médicales, ile tunayoiita ISTM, kama ya Bukavu na ya Kinshasa, katika seksio ya lishe na diyetetike. Masomo ambayo mwanafunzi anakutana nayo ni shimi ya organike na biyoshimi, fizyolojia na anatomia, mikrobiolojia ya vyakula, chakula cha mama na mutoto, chakula cha wagonjwa wa sukari, wa figo na wa tansio, kupima miili, kuhifadhi vyakula, na statistiki. Wengi wanaogopa biyoshimi. Sisi tunafikiri wanapashwa kuogopa statistiki zaidi, kwa sababu yeye anayetangaza kwamba kijiji kiko na njaa, na hakujua kuchagua nyumba za kupima, atapeleka chakula mahali pasipo na njaa. Kisha kuna staji, katika hospitali na katika vijiji.

Juu ya kazi, hatutaki kudanganya wenzetu. Mutu wa lishe anaweza kutumika katika hospitali, katika zone de santé, katika programu ya serikali, katika viwanda vya vyakula, katika mashirika, ao kufundisha. Lakini mushahara wa serikali unachelewa ao haufiki kabisa, na kontra za mashirika ni za miezi, zikiisha mutu anarudi nyumbani na vyeti vyake. Muzazi anayeuza ng'ombe kwa kulipa minervali anapashwa kujua hayo mbele. Vilevile ajue kwamba lisansi ya lishe haimfanyi mutoto wake kuwa munganga: hataandika dawa, hatapasua. Ni kazi nyingine, pembeni ya munganga, na munganga mwenye akili anaitafuta. Sisi tunaona bora kusoma lishe kwa sababu mutu anaitaka, kuliko kuichukua kama kiti cha wale ambao fakilte ya unganga imewakataa. Watu wa namna hiyo wapo, na ni wao wanaofanya wengine wacheke.

Wengine watauliza kama lishe ni ya wasichana. Delange, Ermans, Bradbury, Banea na Briend wote ni wanaume. Williams ni mwanamuke. Tuache neno hilo.

Kabla ya kumaliza, tuangalie sahani yetu wenyewe katika refektwari, kwa sababu manunguniko ni mengi na ekonome ameyasikia yote. Bugali ya mahindi na maharagi, Kazi ya Kwanza mpaka Kazi ya Tano. Tunachoka, ndiyo. Lakini tuseme kweli: proteini ya mahindi inakosa asidi amino inayoitwa lizini, na maharagi iko nayo nyingi, proteini ya maharagi iko na metionini kidogo, na mahindi inaiongeza. Kwa pamoja zinafanya kazi ambayo kila moja peke yake haiwezi. Lakini chuma ya maharagi ni ngumu kuingia katika damu, na chai ya nguvu tunayokunywa mara moja kisha chakula inaizuia zaidi. Ndimu kidogo ao mapera yanaifungulia mulango. Mapera yanaoza chini ya miti nyuma ya kapela, na hakuna anayeyaokota isipokuwa watoto wa jirani. Ombi letu kwa ekonome si nyama kila siku. Tunaomba lenga-lenga mara tatu kwa juma, sambaza zikipatikana, mafuta ya ngazi kidogo juu ya mboga kwa sababu vitamini A haiingii bila mafuta, na chai isogezwe saa moja mbele.

Kwa wale wa darasa la tano na la nne wanaofikiria masomo haya: shikeni shimi, biolojia na hesabu tangu sasa, na Kifaransa cha kuandika ripoti, kwa maana mwaka wa kwanza haungojei mutu. Yeye aliye katika seksio ya pedagojia ao ya komersiali asikate tamaa, lakini atafute vitabu vya shimi vya seksio nyingine na aanze kuvisoma likizo hii. Na wenye kutaka kuona namna kazi inavyoanza, muuguzi wa dispensari yetu iko na ile kamba ya rangi ya kupimia mukono wa mutoto wa miezi 6 mpaka 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, kati ya 115 na 125 ni manjano, juu yake ni majani. Amekubali kuionyesha Siku ya Posho, kisha saa nane, kwa watu kumi kumi. Waandike majina kwa kapita wa darasa lao.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita, kwa jina la makapita wote